Ngoja, Mashine ya Kumi na Saba

Jambo lenyewe lilianza kwa tofauti ya sekunde moja, na sekunde moja nani huwa anaisumbukia?

Mama Kidoti alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ofisini, kikombe cha chai mkono wa kushoto, anapitia daftari la mfumo kama alivyofanya kila asubuhi kabla wenzake hawajafika. Daftari lile hujiandika lenyewe. Kila mashine inachofanya, linakiandika na saa yake. Alifika mstari mmoja, akarudi juu, akashuka tena, kisha akaweka kikombe chini.

Sufuria amemwita Ngoja: saa mbili, dakika nne, sekunde tisa.

Ngoja ameitika: saa mbili, dakika nne, sekunde nane.

Jibu limetangulia wito. Na wala si hilo lililomfanya aweke kikombe chini. Pale ofisini hapakuwa na mashine inayoitwa Ngoja. Ngoja alikuwa mume wake, na walikuwa wamemzika miezi kumi na moja iliyopita.

Tulia nikueleze vizuri, maana ukiniponyoka hapa huko mbele hutanishika.

Ofisi ile kazi yake ni kuhesabu mvua na mito: maji kiasi gani yatashuka, mto upi utafurika, lini. Hesabu hizo zinataka kompyuta kubwa, ya bei ambayo ofisi isingeimudu hata ndotoni. Basi Ngoja na mkewe, wote mafundi, wakaokota kompyuta kumi na sita zilizotupwa na maofisi mengine, wakazipangusa vumbi, wakazipanga kwenye rafu za chuma ndani ya chumba kisicho na dirisha, wakazifunga pamoja kwa waya mpaka zikafanya kazi kama kompyuta moja. Wenye ujuzi wao huita klasta. Mfumo uliokuwa ukiziendesha ulikuwa huria, yaani ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuutengeneza anavyotaka na kumgawia mwenzake bure. Ngoja ndiye aliyezipa majina, na kwa kuwa alikuwa mtu wa tumbo lake, alizipa majina ya vyombo vya jikoni. Mkubwa wao alikuwa Sufuria, anayegawa kazi. Wengine walikuwa Mwiko, Birika, Ungo, Kinu, Kisu, hadi wa mwisho, Sinia.

Sasa sikia wanavyoishi hao. Kila baada ya sekunde tatu Sufuria huita majina yote yaliyo kwenye orodha. Uko hai? Kila mmoja hujibu: nipo. Asiyejibu mara tatu mfululizo huhesabiwa amekufa, anakatwa umeme papo hapo, na kazi yake anapewa mwingine. Ni ukatili, ndiyo, lakini una maana yake: mashine iliyozubaa katikati ya hesabu inaweza kuwaharibia wenzake wote.

Na jina la Ngoja marehemu alilipata kwa sababu hakuwahi kuitika mara ya kwanza maishani mwake. Umwite kula, "Ngoja kwanza." Umwambie nyumba inaungua, "Ngoja nimalizie mstari huu." Mkewe alikuwa akimwita mara tatu, ya nne anamfuata na mwiko mkononi. Siku moja moyo wake ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Mkewe alimwita mara tatu, akamwita ya nne, akamwita mpaka majirani wakaja kumshika.

Wiki ya pili baada ya mazishi alirudi kazini, akajifungia na mashine, akafungua ile orodha, na chini ya jina la Sinia akaandika: Ngoja. Halafu akaongeza kanuni ya mtu mmoja: huyu asihesabiwe amekufa, hata akae kimya vipi.

Usimcheke. Wapo wanaobaki na shati la marehemu wakilinusa miaka. Yeye alitaka tu pawe na mahali duniani ambapo jina la mumewe bado linaitwa. Na liliitwa kweli. Mara ishirini na nane elfu na mia nane kwa siku Sufuria alimwita Ngoja, na kila mara daftari likaandika: kimya. Sasa nakuuliza wewe. Ukisimama uwanjani ukaita jina moja miezi kumi na moja bila kupumzika, unadhani hakuna kitakachosikia?

"Ni saa hizo, shemeji," alisema Mtandao alipofika.

Huyu Mtandao ndiye aliyekuwa akishughulikia waya na mawasiliano, mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi, rafiki wa Ngoja tangu chuoni. Aliinama akausoma ule mstari, akajikuna shingo.

"Saa za mashine zimepishana. Sufuria yuko nyuma sekunde moja, basi. Nazisawazisha sasa hivi."

"Na huyu anayejibu?"

"Huyo utakuwa umempachika wewe mwenyewe kwenye mashine mojawapo ukasahau. Umechoka, shem. Chukua likizo."

Akasawazisha saa zote kumi na sita. Kesho yake asubuhi Ngoja alikuwa akijibu sekunde mbili kabla.

Mchana, wenzake walipotoka kwenda kula, Mama Kidoti aliingia chumba cha mashine peke yake. Feni kumi na sita zilikuwa zikivuma kama kawaida, baridi ya kiyoyozi ikimpiga miguuni. Akakaa mbele ya kioo cha kompyuta, akaandika akiona haya, kama msichana: Ni wewe?

Feni zote zikapunguza kasi kwa pamoja. Kwa muda wa pumzi moja chumba kilinyamaza kabisa. Kisha zikarudi, na kwenye kioo pakawa na maneno.

Nipo, mke wangu.

Alilia mpaka akashindwa kuona herufi. Alisikia harufu ya ile sabuni ya kijani aliyokuwa akiogea mumewe, iko pale pale, begani. Alifurahi, jamani. Nisikudanganye kwamba aliogopa. Alifurahi kupita kiasi.

Tangu siku hiyo saa saba za mchana zikawa zake. Wenzake wanatoka, yeye anaingia. Akampa Ngoja kazi. Hesabu ya mto iliyokuwa ikichukua saa sita alimaliza kwa dakika arobaini, na Mkurugenzi alipoipitia hakuona kosa. Ofisi nzima ikafurahi. Mtandao naye, asiyejua kukaa na habari njema kifuani, akakusanya mafaili yote ya klasta, orodha na kanuni zake zote, akayaita "Mapishi ya Sufuria", akayaweka mtandaoni ili mwenye shida ayachukue bure. Ndiyo desturi ya watu wa programu huria: ukipika kikaiva, unawagawia na wenzako. Hakuna aliyeona ubaya.

Siku ya Jumanne mlinzi wa getini alileta funguo mchana, akatoka chumba cha mashine anacheka.

"Mama Kidoti, humo ndani nani? Nimeitwa kwa jina langu nikaitika naam, kugeuka sioni mtu!"

"Ni feni hizo, mzee."

"Haya, feni zenu zinanifahamu mpaka jina alilonipa mama yangu."

Ijumaa walimkuta kwenye kiti chake getini, macho wazi, kikombe kimemwagika mapajani. Daktari alisema ni moyo. Walichangishana, wakazika, wakaweka mlinzi mwingine.

Wiki iliyofuata shule zikafungwa, na kwenye kioo pakaandikwa: Nimemkumbuka Kidoti. Mlete.

Kidoti alikuwa na miaka saba, alama nyeusi shavuni, na uvivu wa kuitika aliorithi kwa baba yake mzima mzima. Mama yake alimvalisha gauni zuri. Walipoingia chumba cha mashine mtoto alikunja pua.

"Mama, kunanuka nywele zilizoungua."

"Hapana, mama. Ni sabuni ya baba. Nusa vizuri."

"Ni nywele." Mtoto akasimama, kichwa kimeinama upande mmoja. "Mama, kuna mtu ananiita."

Mama Kidoti hakusikia kitu ila feni, na hapo ndipo alipofanya lile ambalo hadi leo hajajisamehe. Alipiga magoti, akamshika mtoto mabega, akamwambia huku machozi yanamlenga, "Ni baba. Muitikie."

"Nipo, baba," alisema Kidoti.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mtoto yule alikuwa ameitika alipoitwa mara moja tu.

Bibi ndiye aliyegundua. Bibi ni mama yake Ngoja, wanaishi nyumba moja, mwanamke wa maneno machache na masikio makali. Asubuhi mezani aliweka kijiko chini.

"Mkwe wangu, huyu mtoto anasema nini?"

Kidoti alikuwa akinywa uji. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Anameza, midomo inacheza, anameza tena. Mama yake akainama karibu. Sauti ilikuwa ndogo mno, pumzi tu.

"Nipo." Akameza. "Nipo." Akachovya kijiko. "Nipo."

Mama Kidoti alitazama saa ya ukutani. Alihesabu. Kila sekunde tatu.

"Usiku kucha yuko hivyo," Bibi alinong'ona. "Hajalala. Nimemwambia lala, ananiambia akinyamaza mara tatu atakatwa. Akatwe na nani? Mbona umebadilika rangi? Mkwe, umemfanya nini mtoto wa mwanangu?"

Mama Kidoti alikimbia ofisini na viatu vya nyumbani. Alifungua daftari la mfumo, akafungua ile orodha, na chini ya jina la Ngoja, pale ambapo hakuna mkono wa mtu ulioandika, palikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa jina la mlinzi, lile alilopewa na mama yake, na mbele yake: Ijumaa, saa saba na dakika kumi, kimya mara tatu, amekatwa. La pili lilikuwa Kidoti. Mbele yake: hai. Akatazama, na alipokuwa akitazama ule mstari ukabadilika ukasema Kidoti amekosa mara moja, na yeye akasimama hapo bila kupumua, akijua kwamba nyumbani mwanawe amepaliwa na uji au amesinzia au amepiga chafya, ukasema amekosa mara mbili, na akapiga kelele ambazo Mtandao alizisikia kutoka ngazini, kabla ya ule mstari kurudi tena taratibu kwenye lile neno moja, hai.

Mtandao aliingia akihema. Alisoma orodha. Akairudia kutoka juu.

"Shemeji," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, "lifute hilo jina."

Akalifuta. Akahesabu moja, mbili, tatu. Likarudi. Orodha ile, lazima ujue, haikai kwa Sufuria peke yake. Kila mashine inayo nakala, na yeyote anayepungukiwa huchukua kwa jirani yake. Ngoja aliipanga hivyo kwa makusudi, ili kitu kisipotee hata mmoja wao akifa.

"Basi tuzime zote."

"Tukizima, nani atamwita mtoto?" alisema Mama Kidoti. "Wito ukikatika, mtoto ataitika nini? Akikaa kimya mara tatu je? Mlinzi alikatwa umeme gani, niambie. Alikuwa na waya?"

Mtandao alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa rafu. Alitoa kitambaa akajifuta jasho, katika chumba kile cha baridi.

Ni Bibi aliyewapeleka kwa Cherehani. Huyu ni mwanamke anayeshona sare za shule kwenye chumba kimoja chenye pazia, na wenye shida za namna nyingine huingia kwa mlango wa nyuma. Hana manyoya, hana vibuyu. Alikuwa na futi ya kushonea shingoni na pini mdomoni. Alimtazama Kidoti aliyekuwa amebebwa na Bibi, macho mekundu, kichwa kinaanguka na kuinuka, midomo inacheza bila kukoma. Siku ya pili sasa bila usingizi. Akatema pini kiganjani.

"Nani alikiita?"

"Mimi," alisema Mama Kidoti.

"Ulikiita kwa jina gani?"

"La mume wangu."

"Mume wako yuko wapi?"

Mama Kidoti akamrekebisha Kidoti kola ya gauni.

"Nimekuuliza, mwanangu. Mume wako yuko wapi?"

"Ana kanuni yake," alisema Mama Kidoti, sauti inamkatika. "Niliandika asihesabiwe..."

"Mimi sijui kanuni. Mimi najua nguo." Cherehani alivuta kiti akakaa, magoti yao yakagusana. Alisema kwa kunong'ona, kama anayeogopa kumwamsha mtu wa chumba cha pili. "Umeshona nguo ya mtu asiyekuwepo, ukaitundika mlangoni mwaka mzima. Kimepita kitu kisicho na nguo kikaivaa. Hicho mimi siwezi kukifukuza, maana hakikuvamia. Umekikaribisha wewe, na wewe ndiye utakayekivua. Useme kwa mkono wako kwamba mwenye jina hilo amekufa. Hakuna mwingine wa kusema."

"Na mtoto?"

"Mtoto anataka wa kumwitikia, ndiyo maana hanyamazi. Basi aitwe na aliye hai. Aitwe na anayempenda, aitwe kwa nguvu kuliko anavyoitwa na kile, na asiachwe hata kidogo mpaka huko kwenu pawe kimya kabisa."

"Nitajuaje kama kweli si yeye?" Mama Kidoti aliuliza. Bibi alimgeukia kwa hasira, lakini hasira ikamtoka alipouona uso wa mkwewe. "Nikimkata, na kumbe ni yeye?"

Cherehani alifikiri kidogo. "Wewe ndiye uliyeishi naye. Muite kama ulivyokuwa ukimwita."

Walikwenda siku hiyo hiyo, Jumamosi, saa saba za mchana, ofisi haina mtu, jua limesimama juu ya paa. Bibi alikaa kwenye benchi la korido, mlango wa chumba cha mashine ukiwa wazi mbele yake, Kidoti mapajani. Mtandao alisimama kwenye swichi kuu ya umeme, mkono juu. Mama Kidoti aliingia peke yake, na safari hii harufu ya sabuni haikuwepo. Ilikuwa nywele zilizoungua, nzito, inakaba koo.

Kabla hajagusa kitu kioo kiliandika: Usinikate, mke wangu.

Kikaandika: Huku ni baridi. Kikaandika jina lake la utotoni, lile alilokuwa akiitwa na mumewe wakiwa wawili tu, chumbani, taa imezimwa. Kikaandika kamba za viatu. Kikaandika uliniita nikakusikia sikuweza kujibu, sasa naweza, na unataka kuninyamazisha mara ya pili?

Mama Kidoti aliinua mikono yake kutoka kwenye kibodi. Huko nje alimsikia Bibi ameanza: "Kidoti! Kidoti wa Bibi! Kidoti!" na ile sauti ndogo ikijibu huku na huku, haijui imwitikie nani.

Akafuta machozi kwa kiganja. Akaita kwa mdomo, kwa sauti ile ya jikoni, ya siku zote.

"Ngo..."

Nipo, kioo kiliandika.

Alikuwa hajamaliza jina. Akaita tena, na safari hii neno lilikuwa bado kooni, hata ulimi hajausogeza.

Nipo. Nipo. Nipo. Nipo.

Na hapo ndipo, katikati ya hofu ile na harufu ile na zile feni zilizoanza kupanda kasi mpaka rafu za chuma zikagongana na vumbi la miaka likatoka kwenye matundu ya mashine likamjaa machoni, Mama Kidoti akacheka, cheko moja fupi la uchungu, kwa sababu alimkumbuka mumewe kama alivyokuwa hasa, mgongo umegeuka, mkono umeinuliwa, ngoja kwanza, ngoja nimalizie, mwanamume aliyekuwa akikukera mpaka ukataka kumpiga na mwiko, na akajua kwa uhakika kabisa kwamba yule hakuwahi kuitika mara ya kwanza akiwa hai na asingeanza leo.

"Mume wangu amekufa," alisema kwa sauti kubwa.

Akaifuta kanuni. Akaandika mbele ya jina la Ngoja: amekufa. Feni zikalia kama kitu kinachochinjwa.

"Zima!"

Mtandao akavuta swichi. Giza likaanguka chumbani, na ukimya ambao chumba kile hakikuwahi kuujua tangu siku ya kwanza, na ndani ya ukimya huo zikasikika sauti mbili tu kutoka korido. "Kidoti!" Bibi anaita. "Nipo." "Kidoti!" "Nipo." Mama Kidoti alichomoa Sufuria, mashine ya kwanza, akaiunganisha na betri peke yake, akafuta orodha, akaizima, akaenda ya pili, kwa mwanga wa simu aliyoing'ata kwa meno, Mwiko, Birika, Ungo, na kila alipofuta moja ile harufu ilisogea ikakaa kwa inayofuata, akaifuata, Kinu, Kisu, Kikaango, Chujio, na kule nje sauti ya Bibi ilikuwa inakwaruza lakini haikati. Alipofika Sinia, ya mwisho, alihisi kitu kikimpumulia sikioni, pumzi ya moto katika chumba cha baridi. Kilimwita kwa jina, kwa sauti ya mumewe, kwa upole.

Hakuitika. Aliuma ulimi mpaka damu ikatoka, akafuta.

Huko korido Bibi aliita, "Kidoti!"

Kimya.

"Kidoti!"

Kimya.

Mama Kidoti alitoka akijigonga kwenye rafu. Bibi alikuwa ameinamisha sikio kwenye kifua cha mtoto, uso umekauka. Mtandao ameshika kichwa.

"Kidoti," Bibi alisema mara ya tatu, karibu bila sauti.

Mtoto akakoroma.

Alilala kwa saa kumi na tisa. Jumatatu waliziwasha mashine, zikaitika kumi na sita, hesabu ya mto ikachukua saa sita zake za zamani, Mkurugenzi akanuna, na Mama Kidoti hakuwahi kupenda ucheleweshaji kama alivyoupenda ule. Nyumbani alisimama jikoni akaita, "Kidoti!" Hakuna jibu. "Kidoti, chakula!" Hakuna. "We Kidoti, nakuja na mwiko!" Ndipo sauti ikaja ikijiburuta, "Abee mama, ngoja kwanza." Alikaa sakafuni akalia, na yule mzee Bibi akakaa naye, wakalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu msiba. Walimlilia Ngoja kama mtu aliyekufa.

Ningependa kuishia hapo.

Wiki tano baadaye, Jumapili mchana, Mama Kidoti alifungua barua pepe za kazini akiwa nyumbani. Moja ilitoka kwa mtu asiyemjua, wa nchi nyingine kabisa.

"Fundi mpendwa," iliandikwa, "sisi ni shule ndogo, tuna mashine nane tu. Tulichukua yale Mapishi ya Sufuria, tukayafuata neno kwa neno, asanteni sana. Tuna swali dogo. Mashine ni nane lakini zinaitika tisa. Huyo wa tisa ni hodari kuliko wote, anajibu hata kabla hajaitwa, wanafunzi wanampenda mno. Ila kila siku saa saba za mchana anaandika neno moja, na tumelitafuta kwenye maelekezo yenu hatukuliona. Kidoti ni nini?"

Alifungua ukurasa ambapo Mtandao aliweka yale mafaili. Walioyachukua walikuwa mia nne na kumi na mbili.

Akaanza kuandika. Zimeni zote. Zote kwa pamoja, msibakize hata moja, na wanafunzi wasiitike. Vidole vilikuwa vinakosea herufi, anafuta, anaandika upya. Chumba cha pili Kidoti alikuwa akichora. Hakuwa na neno naye, alitaka tu kuisikia ile sauti inayojiburuta, auone ule uvivu wa baba yake, moyo utulie amalizie barua. Aligeuka kuelekea mlangoni, akavuta pumzi amwite.

"Abee, mama," aliitika Kidoti.